Zawadi Mbili kwa Kila Kazi: Hotuba ya Kufunga Msimu wa Mashua, Lamu

Hotuba hii ilitolewa na mwenyekiti wa kikundi cha mashua cha mtaa mmoja wa Lamu, mwishoni mwa kaskazi, katika hafla ya kutoa zawadi za msimu na kuwashukuru wanaojitolea.

Bismillahi Rahmani Rahim. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, manahodha na mabaharia, mafundi, walimu, vijana, na wageni wetu mliovuka maji kutoka Manda na Mokowe, pamoja na nyinyi mliokuja kwa punda na kwa boti kutoka Matondoni na Kipungani, Asalamu aleikum.

Msimu wetu wa mashindano umefungwa. Kaskazi iliyoanza kuvuma Desemba imelegea, tumo katika maleleji, kipindi cha kati ya pepo mbili, na kila baharia aliyepo hapa anajua kwamba kusi, upepo mkali wa kusini, ikishaingia sawasawa, mlango wa bahari wa Shela hautakuwa tena mahali pa kuchezea mashua. Kwa hiyo huu ndio wakati wa kuhesabu tulichofanya, kugawa tulichoahidi, na kuvipandisha vyombo pwani vikatengenezwe.

Mashua iliyochukua bendera mnaijua, na ambaye hakuwa akijua aliamshwa na ngoma zilizopita mtaani usiku ule. Nahodha wake na mabaharia wake watapokea kikombe chao leo, nao wanakistahili. Sitasema mengi juu yao, kwa sababu sisi tumewasifu vya kutosha na wao wenyewe wamejisifu zaidi.

Jambo nililosimama kulisema ni jingine. Kwa miaka mingi hafla hii imekuwa na desturi moja: kikombe kikishatolewa, mwenyekiti husoma majina ya wanaojitolea, watu hupiga makofi, wenye majina husimama kwa haya, kila mmoja hupewa kikoi au leso, na kesho yake asubuhi hurudi kwenye kazi ileile, peke yake, mpaka msimu mwingine. Majina niliyoyasoma mwaka jana ndiyo aliyoyasoma mwenyekiti aliyenitangulia. Tunayasoma kwa heshima, lakini tukisema kweli, shukrani hizi zimegeuka kuwa njia ya adabu ya kumwachia mtu mzigo. Tunamshukuru ili aendelee kufanya, na sisi tuendelee kutazama.

Kamati imeona kwamba mwaka huu tusifanye hivyo. Kila anayejitolea atakayeitwa leo atapewa zawadi mbili zinazofanana kabisa. Moja ni yake. Ya pili ni ya mtu atakayejifunza kazi hiyo kwake kuanzia sasa mpaka kaskazi ijayo, na tumemwomba kila mmoja aje hapa mbele na mwanafunzi wake, tumwone sura na tumjue jina. Ambaye hana mwanafunzi, zawadi yake ya pili itabaki juu ya meza hii, mbele ya macho yetu sote, mpaka apatikane wa kuichukua. Na zawadi zenyewe si vikombe wala si nguo. Ni vifaa vya kazi.

Nianze na mzee wetu mshona matanga. Wengi wenu mnaliona tanga likiwa juu, limejaa upepo, na wageni hulipiga picha. Wachache wameliona likiwa chini. Tanga la mashua zetu lina pembe tatu, hufungwa kwa urefu wake kwenye foromali, na foromali yenyewe ni miti iliyoungwa na kukazwa kwa kamba, inayopandishwa kwa kamba ya jarari juu ya mlingoti unaoinamia mbele. Upepo ukilishika tanga, nguvu yote inayosukuma chombo hupita katika mishono na katika kamba iliyoshonewa ukingoni. Mshono ukilegea mahali pamoja, kitambaa huvutika, tanga hutoa tumbo pasipotakiwa, na mashua inayopaswa kupanda joshi, upande unakotoka upepo, huenda upande upande kama kaa. Nahodha ataulaumu mkondo, mabaharia watamlaumu nahodha, na kumbe kosa liko kwenye uzi.

Mzee huyu hulitandaza tanga sakafuni ukumbini kwake, akakunja mguu mmoja na kuunyosha mwingine, akakibana kitambaa kwa kidole gumba cha mguu ili kisimkimbie. Uzi huupitisha kwenye nta kwanza. Kiganjani huvaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, kwa sababu turubai la tanga likikunjwa mara mbili na kuwekewa kamba halipenyeki kwa nguvu za vidole peke yake. Akishona kipande, husimama na kupitisha ukucha juu ya mshono aliomaliza. Ukucha ukikwama, hufumua. Nimewahi kumwona akifumua mshono ambao mimi sikuuona ubaya wake, na nilipomwuliza, alinijibu kwa upole kwamba hapana haja niuone mimi, upepo utauona.

Macho yake si yale ya zamani, na kwa muda sasa amekuwa akitungiwa uzi na mjukuu wake wa kike. Sote tulimdhani binti yule ni mtoto wa kutumwa tu, wa kuleta nta na kupokea uzi. Tulipomwomba mzee ataje mwanafunzi wake, alitaja jina lake bila kufikiri. Wako waliouliza kama kazi hii inamfaa mtoto wa kike, na nimewajibu hivi: katika mji huu kofia hutariziwa majumbani, tundu kwa tundu, kwa miezi, na mikono mingi inayozitarizi ni ya wanawake. Mkono uliozoea vitundu vya kofia hautashindwa na turubai. Mzee na mjukuu wake watapokea kila mmoja sindano zake, nta yake, na ngozi yake ya kiganjani. Ya binti ilibidi tuishonoshe upya, maana zote zilizokuwapo zilikuwa za mikono mikubwa.

Wa pili ni kijana mkumba maji. Sijui kama kuna kazi nyingine katika mashua inayodharauliwa kuliko hii. Mashua ya mbao huvuja. Hata iwe imekalafatiwa, yaani mianya yake imezibwa kwa pamba, vizuri namna gani, ikilala kwenye upepo mbao zake hujinyonga, maji yakapenya, na mawimbi nayo huongeza ya kwao kutoka juu. Maji hayo yote hukusanyika ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na hapo ndipo kijana huyu anapokaa na upo wake wa kuchotea maji kuanzia bendera ya kuanza mpaka ya kumaliza. Wenzake wanaona tanga, wanaona mashua za wapinzani, wanaona watu waliojaa kwenye ukuta wa pwani. Yeye mbio nzima anaona mataruma, mbavu za chombo, na miguu ya wenzake.

Lakini hebu tufanye hesabu. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo 20. Farumi yetu, uzito wa kusawazisha chombo, ni mifuko ya mchanga, na kila tunapobisha, yaani kugeuza chombo ili upepo ukijie kwa ubavu wa pili, mifuko ile huhamishwa upande wa joshi, watu nao wakapanda huko huko na wengine wakatoka nje juu ya ubao, ili chombo kisilale. Maji ya ngamani hayaamrishwi na nahodha. Chombo kikilala, yenyewe hukimbilia upande wa demani, unakoelekea upepo, upande uleule tunaojitahidi kuuinua, na kadiri yanavyokimbilia huko ndivyo chombo kinavyozidi kulala. Kwa hiyo ndoo moja iliyoachwa haiongezi uzito tu, bali huiba kazi ya mfuko mmoja wa mchanga na wa mtu aliyeunyanyua. Mashua iliyochukua bendera mwaka huu haikuwa na tanga jipya kuliko nyingine, na mniwie radhi manahodha, haikuwa na nahodha hodari kupita wote. Ilikuwa kavu.

Kijana huyu zawadi yake ni upo uliochongwa Matondoni kwa kipimo cha mkono wake, na koti la mvua. Wa pili kama huo ni wa mdogo wake, ambaye amekuwa akimwomba nafasi hiyo na kukataliwa kwa sababu ya umri. Ataanza mazoezini, ndani ya ghuba, wala si kwenye mbio.

Sasa nije kwa mvuvi wetu mwenye boti ya uokozi, na hapa nitakaa kidogo. Mnazikumbuka mbio za Januari, pale mlangoni, kati ya Shela na Ras Kitau, ambapo mawimbi ya bahari kuu huingia bila kizuizi. Mashua moja ilikuwa inabisha. Kubisha kwa tanga letu si jambo la kugeuza usukani peke yake: foromali na tanga lake huzungushwa mbele ya mlingoti, demani, kamba ya kushikia tanga, ikahamishwa, mchanga ukahamishwa, na watu wakahama, na yote hayo lazima yapatane. Safari hii mchanga ulitangulia. Upepo ukarudi nyuma ghafla, tanga likalalia mlingoti, na upande uliokuwa uwe wa joshi ukawa wa demani, umebeba mifuko yote. Chombo kikalala, maji yakaingia kwa ubavu, na muda mfupi tu baadaye mabaharia wote walikuwa baharini.

Mvuvi huyu alikuwa ameiacha kazi yake ya siku ile ili akae pale na boti yake. Tazameni alivyofanya. Hakuja kwa kasi mpaka katikati ya watu. Alipofika upande wa chini ya upepo alizima injini mbali kidogo, kwa sababu kamba zinazoelea zingeweza kunasa rafadha, panga la injini linalozunguka majini, na rafadha yenyewe haichagui kati ya kamba na mguu. Akahesabu vichwa. Akamwuliza nahodha aliondoka na watu wangapi, kisha akamwita mwalimu kwa redio amsomee idadi iliyoandikwa daftarini, na mpaka hesabu tatu zilipokubaliana hakugusa kitu kingine. Aliwavuta wadogo kwanza. Mwenye chombo alikuwa akipiga kelele foromali ishikwe isichukuliwe na mkondo. Mvuvi akamjibu, bila kugeuka, kwamba foromali inaelea.

Wote walirudi salama, alhamdulillahi, na mashua ilikokotwa hadi kwenye mchanga wa Manda baada ya mifuko kutoswa. Tumejifunza mambo mawili na yamekwisha kuandikwa katika kanuni zetu. Mifuko ya mchanga isifungwe kwenye mataruma, iweze kutupwa mara moja. Na jaketi la uokozi ni la kila mtu aliye chomboni, nahodha akiwa wa kwanza. Nimezisikia hoja za mabaharia kwamba jaketi huwabana wanapoinama na kuwaongezea joto. Ni kweli huwabana. Msimu ujao asiyelivaa hatapanda, na mashua itakayoonekana na mtu asiyelivaa haitapewa bendera ya kuanza, hata kama mtu huyo ni jamaa yangu.

Liko jambo jingine kuhusu mvuvi huyu ambalo kamati ilikuwa imelifumbia macho. Misimu yote hii alikuwa akitia mafuta kutoka mfukoni mwake. Mtu anayejitolea anatutolea siku yake na ujuzi wake. Kumtaka atoe na petroli ni kumfanyia ubahili na kuuita ubahili huo moyo wake mwema. Mhazini wetu amemrudishia mafuta ya msimu mzima, na kuanzia sasa mafuta ya boti ya uokozi yatatolewa kwanza, kabla ya mapambo, kabla ya vipaza sauti, na kabla ya kikombe. Hesabu zote zimebandikwa mlangoni pale, kila mtu akazisome mwenyewe.

Nimemtaja mwalimu na daftari lake. Yeye ndiye anayetupangia siku na saa za mbio, kazi ambayo watu huiona ni ya kuandika tarehe tu. Mnajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, na kwamba bamvua, maji makubwa kupita ya siku nyingine, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika bamvua, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hapa kwetu huweza kuzidi mita 3, na mkondo unaopita kati ya mji na Manda huweza kuirudisha nyuma mashua yenye upepo dhaifu. Katika maji mafu, siku za kati ya bamvua moja na jingine, mkondo ni mpole, lakini maji ya kupita juu ya mafungu ya mchanga ni machache. Mwalimu huchagua siku ambayo mkondo hautaamua mshindi kabla ya mabaharia kuanza, na saa ambayo mashua ya mwisho itakuwa imerudi kabla ya kupwelea, yaani kukwama maji yakitoka. Huandika pia majina ya watu wa kila chombo kabla ya kuondoka, na hilo ndilo daftari lililosomwa siku ya Januari. Yeye na wanafunzi wake wawili wa kidato cha pili watapokea saa zisizoingia maji. Hapo zawadi ni tatu, nalo ni kosa ninaloliridhia.

Mama zetu wanaopika siku za mbio, kahawa na mahamri alfajiri kabla vyombo havijaondoka, na chakula cha watu wote jioni, tulikuwa tumewaandalia sufuria mpya. Walizikataa. Walisema sufuria wanazo. Walichotaka ni viti viwili katika kamati, kwa sababu mara zote hupewa habari za idadi ya watu wakati samaki amekwisha kununuliwa. Wamevipata viti hivyo, na mkutano wa kwanza ambao walikaa ndio mkutano wa kwanza wetu kumalizika kwa wakati.

Pengine mgeni atajiuliza kwa nini watu wazima tuhangaike hivi kwa ajili ya mchezo. Nitamjibu. Zamani kijana wa visiwa hivi alijifunza tanga kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufika Pate au Faza, wala ya kuzipeleka boriti za mikoko Arabuni kwa majahazi yaliyoingoja kusi. Hakuna aliyeanzisha chama cha kumfundisha. Baba yake alimweka ngamani na kumpa upo. Leo boti zetu nyingi zina injini, na injini imewarahisishia wavuvi maisha, sisemi vingine. Lakini kijana anaweza kuzaliwa hapa, akawa mvuvi, akaoa, akazeeka, asipate hata siku moja kushika demani. Pale Kililana meli kubwa zinatia nanga tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa mwaka 2021. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nasi tunajivunia nyumba zake za mawe ya matumbawe, milango yake na vichochoro vyake. Ujuzi wa bahari haukuhifadhiwa katika mawe. Uko katika mikono ya watu, na mashindano haya ndiyo darasa lililobaki.

Tuna mfano wa jinsi ujuzi unavyoondoka. Mitepe iliundwa katika visiwa hivi, mbao zake zikishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake likiwa mkeka uliosukwa. Vyombo hivyo vilisafiri pwani yote hii. Leo mtoto akitaka kuuona mtepe, anaonyeshwa mfano au picha. Hapakutolewa amri ya kuupiga marufuku. Mafundi walikufa mmoja mmoja, na kila mmoja aliyekufa alikuwa ameshukuriwa sana.

Kwa sababu hiyo naomba radhi kwa fundi wetu wa Matondoni, ambaye tulimwita aje kupokea shukrani na badala yake tukampa kazi zaidi. Fundi huyu hututengenezea mataruma yaliyovunjika kwa bei ya mbao peke yake. Msidhani ni jambo dogo. Taruma linataka mti uliopinda wenyewe, si uliopindwa, na mti huo ni wa kutafutwa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, lakini mikoko haikatwi ovyo, hukatwa kwa kibali, na vijana wetu waliokwenda kupanda miche wamefanya vyema hata kama wao wenyewe hawatavuna taruma kutoka kwenye miche hiyo kwa miaka mingi. Fundi atapokea tezo mbili za kuchongea mbao. Ya pili ni ya kijana aliyemaliza shule na ambaye alikuwa amekwisha kufunga begi kwenda Mombasa kutafuta kazi. Ameahirisha safari kwa msimu mmoja, na kamati itamlipa nauli yake ya kila siku ya kwenda Matondoni. Akiona haimfai, ataondoka na hatutamlaumu.

Wapo pia wale wanaookota taka ufukweni kila baada ya mbio, ambao hakuna anayewaona kwa sababu wakishamaliza hakuna cha kuona. Nawakumbusha wanaowacheka habari ya Flipflopi, ile mashua ya plastiki iliyoundwa hapa hapa Lamu, ikapambwa kwa ndara zilizookotwa pwani, ikashushwa majini Septemba 2018 na kusafiri kwa tanga hadi Zanzibar mwaka 2019. Dunia nzima ilipiga picha rangi zake. Kabla ya fundi kushika plastiki ile, kuna watu waliokuwa wameinama juani kuiokota.

Nimalize na kazi iliyo mbele yetu, kwa maana hafla hii haifungi kazi, inaigeuza tu. Bamvua la mwezi mwandamo ujao tutavipandisha vyombo vyote. Maji yakijaa, kila mashua itasogezwa mpaka juu kabisa ya pwani, na yakianza kupwa tutaiegemeza na kuitia magogo. Wanatakiwa watu wa kuvuta, na tunaposema watu wa kuvuta hatuna maana ya watu wa kusimama kando na kuimba. Baada ya hapo chini ya kila chombo patakwanguliwa na kuchomwa ili kuua wadudu wanaokula mbao, mianya itatiwa pamba upya, na mbao za juu zitapakwa sifa, yale mafuta ya papa. Harufu ya sifa mnaijua. Nawaomba majirani wa pwani watuvumilie kwa wiki mbili tatu. Karibu kila mashua kwa sasa ina mtu mmoja tu anayejua kukalafati, na katika mashua moja hakuna hata huyo mmoja. Karatasi ya kujiandikisha iko barazani, na nimeona mpaka sasa majina mengi yaliyoandikwa ni ya watu waliokwisha kujua kazi. Hao tunawashukuru, lakini wasiojua ndio tunaowatafuta. Kukalafati hakuhitaji nguvu nyingi. Kunahitaji subira na nyundo ndogo, na mafundi wameahidi kutomcheka mtu mbele yake.

Sasa namwomba mhazini wetu afungue sanduku. Tutaanza na mkumba maji na mdogo wake, kisha mzee na mjukuu wake, kisha mwalimu na vijana wake, kisha fundi, na washindi wa kikombe watatusubiri mpaka mwisho, nao wamekubali. Mvuvi wetu wa boti ya uokozi ataitwa peke yake, kwa kuwa hajapata mwanafunzi. Kazi yake inataka mtu anayejua kuogelea vizuri, anayeijua injini, na ambaye yuko tayari kukaa siku nzima ya mbio akiwatazama wengine wakishindana bila yeye kushindana. Zawadi yake ni tochi ya majini, kisu cha kukatia kamba, na firimbi. Seti ya pili ni hii hapa mezani. Kijana au binti anayeitaka aje kuniona kabla kahawa haijakwisha, akiwa na mzazi wake kama hajatimiza miaka 18.

Asanteni. Asalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.